Baba mdogo alichomwa sindano badala ya kuwekewa stenti: je, alipunjwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwezi wa nne mwaka 2020, korona ikiwa imepamba moto, baba yangu mdogo alipata mshtuko wa moyo. Hospitalini walimchoma sindano ya kuyeyusha bonge la damu. Miaka miwili nyuma rafiki yake alipatwa na hali hiyohiyo, hospitali hiyohiyo, naye alipelekwa moja kwa moja kuzibuliwa mshipa kwa puto na kuwekewa stenti, kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa wazi. Baba mdogo yu hai, lakini moyo umebaki dhaifu, anahema akipanda ngazi. Nyumbani mpaka leo tunabishana; wengine wanasema alipunjwa matibabu kwa sababu ya korona. Nimesoma pia kwamba wakati ule wagonjwa wa mshtuko wa moyo walipungua sana hospitalini. Walikwenda wapi? Na mlipuko mwingine ukija, mtu mwenye moyo kama wake afanye nini? Mimi ni mwalimu wa sayansi, kwa hiyo usinirahisishie sana.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze na hilo linalowagombanisha. Sindano ile si matibabu ya kupunja. Kama kuna kitu baba mdogo alipunjwa, nashuku ni muda, na kabla sijamnyooshea kidole yeyote aliyekuwa zamu siku ile ningependa kujua jambo ambalo swali lako halikulitaja: maumivu yalimwanza saa ngapi, na alifika hospitali saa ngapi?

Nina sababu ya kung'ang'ania saa. Mishipa inayoulisha moyo hujengeka utando wa mafuta kwa miaka mingi. Siku utando ukipasuka, damu huganda juu ya ufa kama inavyoganda juu ya kidonda cha ngozi, ila hapa bonge linaziba njia. Likiziba kabisa, karatasi ya ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, huonyesha kile tunachokiita ST iliyopanda (ST ni kipande kimoja cha mchoro huo), nasi tunajua kuna kipande cha msuli kinachokosa oksijeni. Kwa dakika 20 hadi 30 msuli huvumilia. Baada ya hapo seli huanza kufa, za tabaka la ndani kwanza, kisha kifo kinasogea kuelekea nje. Kufikia saa 6 hivi, sehemu kubwa ya kilichokuwa cha kufa kimeshakufa, na msuli wa moyo ukifa hauoti tena. Panabaki kovu. Kovu halisukumi damu, na huko ndiko kunakotoka kuhema kwa baba mdogo kwenye ngazi.

Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2004 ulikadiria kwamba kila dakika 30 za kuchelewa kuzibua mshipa huongeza hatari ya kufa ndani ya mwaka mmoja kwa asilimia 7.5 hivi. Kwa kuwa unafundisha sayansi, nikukumbushe: hiyo ni asilimia ya hatari ambayo mgonjwa alikuwa nayo tayari, si 7.5 ya kujumlisha juu yake. Hata hivyo mgonjwa aliyechelewa saa tatu ameziweka nusu saa sita moja juu ya nyingine.

Sasa janga. Watu wengi wakiulizwa korona iliwafanya nini wagonjwa wa moyo, hufikiria vitanda vilivyojaa na mashine za kupumulia zilizokwisha. Hayo yalikuwepo. Lakini muda mwingi zaidi ulipotea mahali ambapo hakuna daktari wala muuguzi: kwenye kochi la nyumbani. Mwanzoni mwa mwaka 2020 madaktari wa hospitali moja ya Hong Kong walihesabu dakika za wagonjwa wao tangu dalili zilipoanza hadi walipoonana na mhudumu wa afya wa kwanza. Siku za kawaida, mgonjwa wa katikati alitumia dakika 82 na nusu. Baada ya virusi kuingia mjini alitumia dakika 318. Walikuwa wagonjwa 7 tu, na kwa idadi hiyo mtu hapaswi kujenga nadharia. Ila ilikuwa ishara ya kwanza, na zilizofuata kutoka nchi nyingine zilielekea kulekule.

Mimi siwalaumu waliokaa kwenye kochi. Kila redio ilikuwa inawaambia wabaki nyumbani. Hospitali ilikuwa imegeuka kuwa mahali pa kuugulia, si pa kuponea. Ukiingia, ndugu hawaruhusiwi kukufuata, na wazee wengi waliogopa kufa peke yao kuliko walivyoogopa kufa. Kisha dalili zenyewe zinachanganya. Kifua kinabana, pumzi inakata, mwili umechoka: kila mtu aliyekuwa na taarifa kidogo alisema hiyo ni korona, jitenge, kunywa maji, subiri. Walioamua kupiga simu ya dharura nao walikuta laini zimezidiwa.

Mgonjwa akishavuka mlango, kuna ucheleweshaji wa aina ya pili, na huu ndio tuliouona kwa macho yetu. Hakuna tukio moja kubwa unaloweza kulishika na kusema hili ndilo lililoharibu. Ni dakika mbili hapa, tano pale. Joto linapimwa. Maswali yanaulizwa: umesafiri, umekohoa, nani mgonjwa nyumbani? Wakati mwingine picha ya kifua kwanza. Kila anayemgusa anavaa gauni, glavu mbili, miwani, barakoa, na kuvaa vizuri hakuna haraka, maana mkono ukikosea mara moja timu nzima ya usiku inaweza kuishia karantini na chumba kikafungwa. Chumba chenyewe cha katheta, kile chenye mashine ya eksirei ambamo tunapitisha mrija mwembamba kutoka mkononi au pajani hadi kwenye moyo, hakikujengwa kwa virusi vya hewani. Vingi hewa yake husukumwa kutoka ndani kwenda nje, ili vumbi la korido lisifike kwenye jeraha. Kwa mgonjwa wa korona hilo ni kinyume cha unachotaka: pumzi yake inasukumwa kuelekea kwa waliosimama nje. Kwa hiyo utaratibu ukabadilishwa, milango ikafungwa, vifaa visivyohitajika vikatolewa, na baada ya kila mgonjwa chumba kikasafishwa kwa muda ambao mgonjwa wa pili alilazimika kuungoja.

Ikiwa mgonjwa anahitaji kuwekewa mrija wa kupumulia, kazi hiyo hutoa vitone vingi vya hewani, kwa hiyo tuliamua mapema, nje ya chumba, badala ya kungoja azidiwe mezani. Uamuzi wa busara, lakini nao una dakika zake. Kwa wale 7 wa Hong Kong, muda wa kati kutoka mlangoni hadi waya mwembamba unaotangulia puto kupita kwenye mshipa ulipanda kutoka dakika 84 na nusu hadi 110. Lengo tunaloambiwa siku zote ni chini ya 90.

Hapo ndipo swali lako la sindano na puto linapokaa. Siku ya kawaida, kwenye hospitali yenye chumba cha katheta na timu iliyo tayari, puto hushinda. Linafungua mshipa karibu kwa kila mgonjwa, linaacha stenti inayoushikilia wazi, na halichochei damu kutoka kichwani. Sindano, yaani dawa kama tenekteplezi, alteplezi au streptokinezi, huyeyusha bonge kupitia damu ya mwili mzima. Inafungua mtiririko kamili kwa zaidi kidogo ya nusu ya wagonjwa, na katika kila 100 wanaochomwa, mmoja hivi huvuja damu kwenye ubongo. Ukiishia hapo ukisoma, utasema baba mdogo alipunjwa.

Lakini puto lina sharti. Miongozo ya Ulaya inasema hivi: ikiwa unaweza kuupitisha waya kwenye mshipa ndani ya dakika 120 tangu ECG iliposomwa, nenda kwenye puto. Ikiwa huwezi, usingoje. Choma sindano ndani ya dakika 10. Sababu ni kwamba sindano ina nguvu zaidi bonge likiwa bichi, katika saa 2 au 3 za kwanza, na kila dakika unayomweka mgonjwa kwenye foleni ya puto unapoteza faida ya vyote viwili. Siku za kawaida hesabu ya hospitali ya baba mdogo ilikuwa, tuseme, dakika 70. Ongeza mavazi ya kinga, chumba kinachosafishwa, wauguzi wa katheta waliohamishiwa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), na mgonjwa mwingine aliye mezani tayari. Hesabu ileile inaweza kutoa 150. Daktari aliyemchoma sindano kwa hesabu hiyo hakuvunja kanuni. Aliifuata.

Hata wakubwa wa fani hawakukubaliana mara moja. Mapema mwaka 2020 kulikuwa na wataalamu wa China waliopendekeza sindano itangulie, ili mgonjwa atibiwe palepale alipo na timu isiambukizwe. Vyama vya madaktari vya Marekani, mwezi wa nne mwaka huohuo, vikasema puto libaki kuwa tiba ya kawaida pale linapowezekana kwa wakati, na sindano iwe ya hospitali zisizo na chumba au zilizozidiwa. Mimi niliegemea upande huo wa pili, na bado naegemea, lakini sikuwahi kuwaona wa kwanza kuwa wajinga. Walikuwa wameona mlipuko kabla yetu.

Swali ambalo ningewauliza waliomtibu ni jingine kabisa: baada ya sindano, nini kilifuata? Sindano ni nusu ya tiba. Dakika 60 hadi 90 baada ya kuchoma, unarudia ECG. ST ikiwa imeshuka nusu au zaidi na maumivu yametulia, mshipa umefunguka, na mgonjwa anapaswa kuangaliwa mishipa yake kwa katheta kati ya saa 2 na saa 24. ST ikigoma kushuka, sindano imeshindwa na mgonjwa anakimbizwa kwenye puto hapohapo, foleni au hakuna foleni. Janga lilifanya hatua hiyo ya pili iwe rahisi sana kuahirishwa, kwa sababu mgonjwa ambaye maumivu yamepungua haonekani tena kuwa wa dharura, hasa mbele ya yule asiyepata pumzi kitanda cha pili. Omba muhtasari wa kuruhusiwa kwake hospitalini usome mistari hiyo miwili: ECG ya pili ilisomekaje, na je, mishipa ilipigwa picha? Kama haikupigwa, kuna sababu ya kuzungumza na daktari wake wa sasa hata leo.

Kuna utata mwingine uliowafanya madaktari wasite, na kwa mtu wa sayansi huu ni mtamu. Virusi vya korona vyenyewe huweza kuuumiza moyo, kwa kuvimbisha msuli au kwa kuziba vimishipa vidogo sana, na ECG ikaonyesha ST iliyopanda wakati mshipa mkubwa uko wazi. Troponini, protini inayovuja msuli wa moyo ukiumia, hupanda pia. Haisemi umeumizwa na nani. Katika kundi la wagonjwa 18 wa korona wenye ST iliyopanda lililoripotiwa New York mwaka 2020, 10 waligundulika kuwa moyo umeumia bila mshipa kuziba. Katika kundi la wagonjwa 28 wa Lombardia, kaskazini mwa Italia, karibu 4 katika kila 10 hawakuonekana na mshipa wowote wa kulaumiwa. Mchome mtu wa namna hiyo dawa ya kuyeyusha damu na umempa hatari yote bila faida. Ndiyo maana mahali pengine walianza na picha ya moyo ya ultrasaundi kuona kama kuna ukuta mmoja usiocheza, alama ya mshipa mmoja kuziba, au moyo wote umelegea. Tena dakika.

Na wale waliokuwa na vyote viwili, korona na bonge halisi, walikuwa na mabonge makubwa kuliko tulivyozoea, wakati mwingine kwenye mishipa zaidi ya mmoja kwa mpigo. Timu moja ya London iliripoti hivyo mwaka huohuo wa 2020, pamoja na stenti zilizoziba tena.

Sasa walikwenda wapi? Upungufu ulikuwa wa kweli na mkubwa. England mwaka 2019 ilikuwa ikilaza wagonjwa wa mshtuko wa moyo na hali zinazokaribiana nao wapatao 3,017 kwa wiki. Mwishoni mwa mwezi wa tatu 2020 walikuwa 1,813. Italia, wiki moja ya mwezi huohuo, hospitali 54 zilihesabu upungufu wa asilimia 48.4 ukilinganisha na wiki kama hiyo ya 2019. Katika vituo 9 vya Marekani, timu za katheta ziliitwa kwa mshtuko mkubwa pungufu kwa asilimia 38 hivi.

Inawezekana baadhi ya mishtuko haikutokea kabisa. Hewa ilikuwa safi zaidi, mafua ya kawaida yalipungua, na kuna watu ambao kubaki nyumbani kuliwapunguzia shinikizo la kazi. Sikatai. Lakini tazama umbo la upungufu huo. Huko England, mshtuko mkubwa wa ST iliyopanda ulipungua kwa asilimia 23, wakati ule mdogo, usiopandisha ST, ulipungua kwa asilimia 42. Kama ugonjwa wenyewe ungekuwa umepungua, ningetarajia vyote vishuke kwa kiasi kinachokaribiana. Kilichotokea ni kwamba maumivu makali yaliwashinda watu wakaja, na maumivu ya kuvumilika yakavumiliwa. Hiyo ni sura ya watu waliobaki nyumbani.

Kisha tazama waliofika. Katika hesabu ileile ya Italia, waliokufa kati ya waliolazwa kwa mshtuko mkubwa walipanda kutoka asilimia 4.1 hadi 13.7. Nje ya hospitali, katika mikoa minne ya Lombardia, watu walioangushwa na moyo kusimama waliongezeka kwa asilimia 58 katika siku 40 za kwanza za mlipuko, kutoka 229 hadi 362. Hapa nisikudanganye kwa kukuachia nusu ya hesabu: zaidi ya robo tatu ya nyongeza hiyo walikuwa na korona au walishukiwa kuwa nayo, kwa hiyo huwezi kuwahesabu wote kama mishtuko ya moyo iliyofichwa nyumbani. Waliobaki bado wanatosha kukunyima usingizi.

Sisi tuliokuwa wodini tulianza kuona vitu vya vitabu vya zamani. Ukuta kati ya vyumba vya moyo uliotoboka. Kamba za vali, ile milango ya ndani ya moyo, zilizokatika. Hivi huja siku kadhaa baada ya mshipa kuziba bila kutibiwa, msuli uliokufa ukilainika kabla kovu halijakomaa, na madaktari vijana wengi walikuwa hawajawahi kukisikia kwa sikio lao kile kishindo cha damu inayopita mahali pasipo pake.

Baada ya hapo, mambo ya kuruhusiwa mapema, kliniki za simu na mazoezi ya kurudisha nguvu za moyo yaliyofungwa, nayapita haraka kwa sababu madhara yake yalikuwa ya polepole. Ila kwa moyo dhaifu kama wa baba mdogo yana uzito: dozi za dawa zake hupandishwa hatua kwa hatua kwa kupima presha, mapigo na figo, na kwa simu peke yake watu wengi walibaki kwenye dozi za kuanzia. Mwulizeni daktari wake kama dozi zimewahi kupandishwa tangu wakati ule.

Mlipuko mwingine ukija, kwanza asiache dawa kwa maneno ya mitandaoni. Mwaka 2020 ulienea uvumi kwamba dawa za presha zinazozuia kimeng'enya kiitwacho ACE, na ndugu zake, zinavifungulia virusi mlango. Jaribio la Brazili lililochapishwa mwaka 2021 liliwagawa wagonjwa, wengine wakaacha, wengine wakaendelea, na walioacha hawakupata faida yoyote. Pili, chanjo ya mafua, na ya ugonjwa wa wakati huo ikiwepo, kwake ni dawa ya moyo pia. Watafiti wa Kanada walionyesha mwaka 2018 kwamba katika siku 7 baada ya mafua kuthibitishwa kwa kipimo, uwezekano wa mshtuko wa moyo huwa mara 6 ya kawaida.

Maumivu yakirudi, yeyote anayepiga simu ya dharura aanze na neno kifua, na saa yalipoanza. Asianze na homa, hata kama homa ipo. Wakati wa janga, simu inayoanza na homa hupelekwa kwenye foleni ya homa, na hapo unaweza kupoteza nusu saa ukieleza kikohozi. Homa itatajwa, ila ya pili. Akishauriwa atafune aspirini, atafune kweli, asimeze nzima.

Jambo la mwisho lina faida kuliko linavyoonekana. Piga picha ya ECG yake ya karibuni, akiwa hana maumivu, uiweke kwenye simu yake na yako. Karatasi yake haitafanana tena na ya mtu mwingine. Kovu limeacha alama, na kwa wengine ST hubaki imepanda kidogo maisha yote. Daktari mgeni, usiku, miwani imejaa ukungu wa barakoa, anaweza kuiona alama ya zamani akaidhania mshtuko mpya, au akauona mshtuko mpya akaudhania alama ya zamani. Akiwa na karatasi mbili mkononi, azilinganishe, atajua ndani ya dakika moja.